Kiigizi cha Mota na Udhibiti Tabiri: Mtihani kwa Wasomi wa Kiswahili

Swali la iwapo Kiswahili kinaimudu sayansi limeulizwa katika makongamano kwa miaka mingi, na aghalabu limejibiwa kwa namna moja. Msemaji husimama, akasifu wingi wa viambishi na wepesi wa unyambuaji, akasoma orodha ya istilahi zilizoundwa, kisha akapigiwa makofi. Anapoketi, hakuna hata msikilizaji mmoja aliyeelezwa jambo lolote la kisayansi. Kinachokuwa kimethibitishwa ni kwamba Kiswahili kinaweza kuisifu sayansi na kujisifu chenyewe. Iwapo kinaweza kumwonyesha mtu namna mtambo unavyofanya kazi, hilo huachwa likining'inia hadi kongamano lijalo.

Makala haya yanashikilia kwamba uwezo wa lugha katika sayansi huthibitishwa kwa maelezo, wala si kwa orodha. Istilahi ni tunda la maelezo. Anayeunda neno kabla ya kukielewa kitu huzaa jina lisilo na mwenyewe, na jina la namna hiyo hufia kamusini. Ili hoja hii isibaki hewani, imeteuliwa mada ambayo wengi wangeidhani haina mlango wa kuingilia kwa Kiswahili: namna ya kupunguza upotevu wa nguvu katika mitambo inayoigiza mota za umeme, kwa kutumia udhibiti unaotabiri.

Mada yenyewe haiko mbali na maisha ya msomaji. Katika ripoti yake ya mwaka 2011, Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mifumo ya mota hutumia zaidi ya asilimia 40 ya umeme wote unaotumiwa duniani. Mota ndiyo inayopandisha maji hadi orofa ya juu, inayosaga mahindi, inayozungusha feni na kusukuma lifti. Tangu mwaka 2022 mabasi ya umeme yamekuwa yakibeba abiria katika barabara za Nairobi, na pikipiki za umeme zimeongezeka mijini. Kila chombo cha aina hiyo kina mota, na mota za vyombo vingi vya namna hiyo huongozwa na kifaa kiitwacho inveta. Ubora wa inveta hiyo sharti upimwe kabla haijakabidhiwa uhai wa abiria. Upimaji huo ndio kisa cha makala haya.

Mota isiyokuwapo

Betri hutoa mkondo mnyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu. Mota ya basi, kwa upande wake, huhitaji mkondo geu, na huuhitaji katika nyaya tatu zinazopokezana zamu. Mafundi huziita fezi tatu. Kazi ya inveta ni kuugeuza mkondo wa kwanza uwe wa pili. Huifanya kazi hiyo kwa swichi za transista zinazowashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa sekunde moja. Kadiri zinavyopangwa vyema nyakati za kuwasha na kuzima, ndivyo mota inavyozunguka kwa utulivu.

Ili kuijaribu inveta, njia ya kale ni kuiunganisha na mota halisi, kisha kuifunga mota hiyo kwa mhimili na mashine nyingine inayoibebesha mzigo. Njia hiyo ni ya kuaminika, lakini ina dhiki zake. Mota sharti iwe imekwisha kuundwa. Kila aina mpya ya mota hudai kufungwa na kufunguliwa upya. Mhimili unaozunguka kwa kasi ni hatari. Fauka ya hayo, yapo majaribio ambayo mhandisi mwenye busara hathubutu kuyafanya kwa mota ya thamani: kwa mfano, kuona inveta itafanya nini iwapo waya wa ndani ya mota utaungua na kugusana na mwenzake.

Hapo ndipo anapoingia mwigizaji. Badala ya mota, huwekwa mtambo mwingine wenye swichi zake, uliounganishwa na inveta kupitia koili. Mtambo huo huupima msongo wa umeme unaotoka kwenye inveta. Kompyuta iliyo ndani yake hukokotoa milinganyo ya mota na kujiuliza: lau mota ile ingekuwapo hapa, ikapewa volti hizi, ingevuta mkondo kiasi gani? Likishapatikana jibu, swichi za mtambo hupangwa ili mkondo huohuo upite kwenye koili. Inveta hudhani imefungwa na mota. Kumbe hakuna mhimili, hakuna kinachozunguka, na mota inayozungumziwa pengine ingali michoro tu kwenye karatasi.

Mwanafunzi wa tamthilia ataona mara moja tofauti iliyopo kati ya mtambo huu na mfano wa kompyuta. Mfano wa kompyuta ni kama mswada wa tamthilia: matukio yamo, lakini hakuna jasho wala sauti. Mtambo unaozungumziwa hapa ni mwigizaji jukwaani. Mkondo wake ni mkondo wa kweli, joto lake ni joto la kweli, na anayeugusa ovyo atadhurika kweli. Kwa sababu hiyo kitenzi kinachoufaa ni kuigiza, wala si kuiga pekee. Kwa mintarafu hiyo, makala haya yanauita kiigizi cha mota, jina lililoundwa kwa kanuni ileile iliyotupa kipokezi kutokana na kupokea. Jina limekuja baada ya kukitazama kitu kinavyotenda. Lau lingetangulia, pengine lingekuwa "kiiga" au "kinakili", na tofauti kati ya mswada na jukwaa ingepotea.

Nguvu hupotelea wapi?

Kiigizi kina sifa moja ya kupendeza. Mota halisi huugeuza umeme kuwa mwendo, na katika majaribio mengi mwendo huo huishia kuwa joto tu. Kiigizi hakina mwendo wa kuzalisha. Umeme unaoingia ndani yake unaweza kurejeshwa kwenye chanzo uliotoka, ukazunguka kama maji ya chemchemi ya bustanini yanayopandishwa na kushuka katika birika lilelile. Kinachohitajika kuongezwa ni kile tu kilichovukizwa njiani.

Na ichukuliwe kwa mfano kwamba inajaribiwa inveta ya kilowati 100 kwa saa 1,000. Iwapo nguvu yote ingepotea, zingetumika uniti 100,000 za umeme. Iwapo inazunguka na kiigizi kinapoteza asilimia 5 tu, gharama inashuka hadi uniti 5,000. Hata hivyo, kilowati 5 za joto ndani ya kabati moja si jambo dogo. Ni sawa na pasi tano za umeme zilizowashwa bila kupumzika. Joto hilo hudai feni au maji ya kupoza, hudhoofisha vifaa, na huweka mpaka kwa ukubwa wa mota inayoweza kuigizwa.

Upotevu huo una vyanzo vikuu vitatu. Cha kwanza ni upitishaji. Hata swichi ya transista iliyowashwa kikamilifu huzuia umeme kidogo. Volti moja au mbili hubaki juu yake. Mkondo wa ampea 200 ukipita penye volti 2, wati 400 huwa joto. Cha pili ni ubadilishaji wenyewe. Swichi haizimiki papo hapo. Kuna kitambo kifupi mno ambapo volti zimeanza kupanda ilhali mkondo haujakoma, na katika kitambo hicho nishati huungua. Kiasi chake kwa mara moja ni kidogo, labda sehemu ya mia ya jouli. Lakini swichi ikifanya hivyo mara 20,000 kwa sekunde, wati 200 zimekwenda. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha hasara hujazwa vivyo hivyo. Cha tatu ni koili, ambamo shaba ya waya na chuma cha kiini hupata moto kila mkondo unapotetema.

Sasa fundo la jambo linaonekana. Mwigizaji hawezi kuwa mzito kuliko mhusika anayemwigiza. Kiigizi sharti kiitikie kila tendo la inveta upesi, na upesi huo hudai swichi zibadilike mara nyingi. Zikibadilika mara nyingi, chanzo cha pili cha upotevu hufura. Zikipunguzwa ovyo, mkondo huanza kutetema, koili hupata joto zaidi, na mbaya zaidi, kiigizi huanza kusema uongo: mkondo kinaouonyesha si ule ambao mota ingevuta. Mshika mbili moja humponyoka, wasema wahenga, na mhandisi hapa amezishika mbili kweli: usahihi na uhifadhi wa nguvu.

Zipo nafuu zinazotokana na vifaa. Transista zilizoundwa kwa kabidi ya silikoni hubadilika upesi kuliko zile za silikoni tupu na hupoteza kidogo zaidi kila zinapobadilika. Lakini bei yake ni ya juu, na haziliondoi swali, huliahirisha tu. Hata swichi iliyo bora hupoteza nishati bure ikibadilishwa pasipo haja. Kwa hiyo sharti iwepo akili ya kuamua ni lini kubadilisha kunafaa.

Kuhesabu kete kabla ya kucheza

Udhibiti wa kawaida hufanya kazi kama mtu anayetembea akitazama nyayo zake. Huupima mkondo, huulinganisha na unaotakiwa, huona kosa, kisha husahihisha. Swichi zenyewe hufuata mdundo usiobadilika: katika kila mzunguko, swichi za kila fezi huwashwa na kuzimwa, iwe pana haja au hapana. Ni utaratibu imara na rahisi, na viwanda vingi vinautegemea hadi leo. Kasoro yake ni kwamba haujiulizi ni kitu gani kingetokea lau swichi fulani ingeachwa ilivyo.

Udhibiti tabiri hujiuliza swali hilo hasa. Mfano unaoufaa unapatikana katika mabaraza ya Lamu, Mombasa na Unguja, mbele ya ubao wenye mashimo 32 na kete 64. Mchezaji stadi wa bao hainui kete kwa pupa. Huzitazama njia zote alizo nazo, akaihesabu kila moja itaishia wapi, akapima faida na hasara, kisha akacheza ile iliyo bora. Mwenzake akishajibu, mahesabu ya awali hutupwa na mengine mapya kuanza. Udhibiti tabiri hufanya hivyo hivyo, ila kila zamu hudumu sehemu chache tu za milioni ya sekunde.

Idadi ya njia hizo inahesabika. Kila fezi ya kiigizi ina jozi ya swichi, na jozi hiyo ina nafasi mbili: juu au chini. Fezi ni tatu, kwa hiyo mipangilio ni 2 mara 2 mara 2, yaani 8. Mipangilio miwili kati ya hiyo, ule wa zote juu na ule wa zote chini, hutoa matokeo yaleyale ya volti sifuri. Basi njia zilizo tofauti ni 7. Kwa kila mojawapo kompyuta hukokotoa: mpangilio huu ukitumika, mkondo utakuwa kiasi gani mwishoni mwa zamu? Zamu ikiwa ya sehemu 50 za milioni ya sekunde, maamuzi ni 20,000 kwa sekunde na tabiri ni 140,000. Ndiyo maana njia hii, ijapokuwa wazo lake lilikuwa likitumika katika viwanda vya kusafisha mafuta tangu miaka ya 1970, ilichelewa kufika kwenye swichi za umeme. Katika kiwanda cha mafuta, tendo moja huweza kuchukua dakika kadhaa, na kompyuta ya zama hizo ilikuwa na wasaa wa kufikiri. Swichi za umeme zililazimika kungoja kompyuta zenye kasi. Mwaka 2007 José Rodríguez na wenzake wa Chuo Kikuu cha Federico Santa María, Valparaíso, Chile, walichapisha utafiti juu ya udhibiti tabiri wa mkondo katika inveta, na tangu hapo mkondo huo wa utafiti umeenea pakubwa.

Baada ya kutabiri, sharti ichaguliwe njia moja. Uteuzi hufanywa kwa hesabu ya gharama. Kila njia huandikiwa gharama yenye sehemu mbili: ya kwanza ni umbali kati ya mkondo uliotabiriwa na ule unaotakiwa, na ya pili ni idadi ya swichi zitakazobadilishwa, ikizidishwa kwa uzani uliowekwa na mhandisi. Njia yenye gharama ndogo kabisa ndiyo inayotekelezwa. Kwa utaratibu huu, wale wawili walioshikwa kwa pamoja hawaponyoki ovyo. Hupimwa katika mzani mmoja, na uzani ndio unaoamua ni yupi avumilie zaidi.

Faida yake inaonekana hata katika tukio dogo. Fezi ya kwanza ikiwa juu na mbili zikiwa chini, kisha pakahitajika volti sifuri, kuna njia mbili za kuifikia. Kuzishusha zote chini hudai badiliko moja. Kuzipandisha zote juu hudai mabadiliko mawili. Volti ni zilezile, hasara ni tofauti. Mbili zikiwa juu na moja chini, jibu hugeuka: sasa kupandisha ndiko nafuu. Udhibiti tabiri huona hayo katika kila zamu, na pale ambapo mkondo unajiendea vyema wenyewe, huziacha swichi zilivyo. Zaidi ya hayo, kwa kuwa badiliko hupoteza nishati nyingi zaidi linapofanyika wakati mkondo ni mkubwa, hesabu ya gharama inaweza kuagizwa iwe kali kwa fezi iliyobeba mkondo mzito na pole kwa fezi nyepesi. Hasara hushuka pasipo kuongezwa kifaa hata kimoja; kilichoongezwa ni fikira.

Mtabiri naye hukosea

Lingekuwa kosa kuisifu njia hii kana kwamba haina dosari. Utabiri hutegemea ukweli wa kile kinachojulikana. Iwapo kompyuta inaamini koili ina kiasi fulani cha uzito wa sumaku, ilhali koili hiyo imepata joto au chuma chake kimeshiba sumaku, tabiri zote huelekea upande usio sahihi. Kompyuta nayo huhitaji muda wa kuhesabu. Hadi ipate jibu, mkondo umekwisha kusonga. Ndiyo maana watafiti huilazimu itabiri kwanza mkondo utakuwa wapi zamu ijayo ikianza, kisha ndipo ipime njia za zamu hiyo. Pia, kwa kuwa swichi hubadilika pale tu inapobidi, mdundo wake hautulii, na mitetemo ya mkondo husambaa katika masafa mengi badala ya kukaa mahali pamoja panapoweza kuchujwa kwa urahisi.

Zito kuliko yote ni suala la uzani. Ukiwa mdogo mno, swichi hubadilika ovyo na joto hurejea. Ukiwa mkubwa mno, kiigizi huwa kivivu: hakipotezi nguvu, lakini pia hakiigizi chochote. Mara nyingi uzani huo hupatikana kwa kujaribu na kujaribu tena. Hakuna fomula inayoweza kumwambia mhandisi ni ukweli kiasi gani awe radhi kuutoa ili kuokoa wati moja. Huo ni uamuzi wa binadamu, na binadamu huamua mambo kwa lugha.

Mtihani umejibu nini?

Katika maelezo yaliyotangulia, msomaji wa fasihi ambaye hajapata kufungua inveta ameweza, ikiwa makala yamefaulu, kufuata safari ya nguvu kutoka betri hadi koili na kuelewa ni kwa nini hupotea na ni vipi huokolewa. Inafaa kutazama ni maneno gani yaliyofanya kazi hiyo.

Sehemu kubwa ni maneno yaliyokuwapo: nguvu, nishati, mkondo, upotevu, joto, gharama, uzani, zamu. Hakuna kamati iliyoketi ili kuyaunda. Sehemu ya pili ni maneno yaliyokopwa na mafundi kabla ya wasomi kuamka: mota, inveta, swichi, koili, fezi, volti. Hayo yana uraia kamili, na anayetaka kuyafukuza ili kulinda usafi wa lugha angeanza na meza na shati. Sehemu ya tatu, iliyo ndogo kuliko zote, ni maneno ambayo sharti yaundwe: kiigizi na udhibiti tabiri. Katika mada inayohesabiwa kuwa ngumu kupindukia, uhaba wa kweli umekuwa wa maneno mawili au matatu.

Hata sarufi imetoa mchango wake. Uti wa mgongo wa udhibiti tabiri ni sentensi ya masharti. Swichi hii ikizimwa, mkondo utashuka, ingeachwa, ungepanda. Viambishi -ki-, -ta- na -nge-, ambavyo wanafunzi huvichambua katika riwaya ili kuonyesha majuto ya wahusika, vimetosha kueleza tabiri 140,000 kwa sekunde. Kilichokuwa kikikosekana ni mtu wa kuvitumia huko.

Watakuwapo wanaopinga. Wa kwanza watasema kazi hii ilikwisha kufanywa, kwa kuwa kamusi za sayansi zipo; Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Juhudi hiyo inastahili heshima. Hata hivyo, kamusi ni ghala, na hakuna aliyewahi kushibishwa na ghala. Mahindi yasipotiwa chunguni huliwa na fukusi. Istilahi isipoingia katika aya, ikabishaniwa, ikarekebishwa na kurudiwa, hubaki mali ya waandishi wa kamusi.

Wa pili watasema kwamba uhandisi nchini Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, na majarida makuu ya utafiti huchapishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo jitihada hii haina soko. Ukweli wa jambo hilo haukataliki, wala makala haya hayapendekezi kwamba mihadhara ya uhandisi igeuzwe kesho asubuhi. Lakini maarifa hayaishii chuoni. Pikipiki ya umeme ikiharibika, hutengenezwa na fundi ambaye huenda alijifunza kazi kando ya fundi mwingine, kwa Kiswahili cha karakana. Betri anayoishika inaweza kumuua. Ikiwa maelezo ya kwa nini inveta imepata joto yanapatikana kwa lugha ya cheti ambacho hakuwahi kukipata, basi hatari hiyo imegawanywa kwa kigezo cha lugha. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Urasmi usiomfikia fundi aliye mbele ya betri ni urasmi wa sherehe tu.

Wa tatu, na pengine ndio walio karibu zaidi na jarida hili, watasema kwamba kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili ni lugha na fasihi, na mota ziachiwe wenyewe. Hao wamesahau kwamba nathari ya maelezo nayo ni utanzu unaodai ustadi. Kumfanya msomaji aone kitu asichoweza kukigusa ni kazi ya mshairi na ni kazi ya mwandishi wa sayansi vilevile. Mhandisi anaijua mota. Aghalabu hajui namna ya kuipanga aya. Mwanafunzi wa Kiswahili anajua kuipanga aya, hajui mota. Kila mmoja akikaa katika idara yake, taifa litapata wahandisi wasioeleweka na waandishi wasio na la kueleza.

Linalohitajika kwa sasa ni dogo na linawezekana bila bajeti ya serikali. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kumtaka kila mwanachama wa shahada ya uzamili aandike, pamoja na mwanafunzi mmoja wa sayansi au uhandisi, makala moja ya kueleza kitu kimoja: pampu, chanjo, daraja, inveta. Mhandisi asome na kuthibitisha kuwa hakuna uongo. Mtu asiye mtaalamu asome na kuthibitisha kuwa ameelewa. Istilahi zitakazozaliwa humo ziorodheshwe baadaye, si mwanzo, na zile zitakazokataliwa na wasomaji ziachwe zife kwa amani. Huenda "kiigizi" chenyewe kikashindwa na neno lingine litakaloletwa na mafundi. Hilo likitokea, lugha itakuwa imefanya uamuzi wake, na maelezo yatakuwa yamebaki.

Tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, huadhimishwa kila mwaka kwa mashairi, ngoma na hotuba. Ni vyema iendelee kuadhimishwa hivyo. Ila katika maadhimisho yajayo, baada ya hotuba ya kukisifu Kiswahili, asimame mwanafunzi mmoja mbele ya ubao, akiwa na chaki na mchoro wa swichi sita, na awaeleze waliohudhuria ni wapi nguvu hupotelea. Akieleweka, hakutakuwa tena na haja ya kuuliza lile swali la zamani.